Santuri Moja kwa Kila Simfonia

Jumamosi, 2 Machi

Mwalimu wetu wa lugha amesema atakayeandika shajara msimu mzima wa mvua atajifunza mambo mawili: kutazama, na kutojidanganya. Hilo la kwanza nadhani ninaliweza. Nimechukua daftari jipya, nimepiga mistari pembeni kwa rula, naanza.

Chumba cha chini cha maktaba kimeingia maji. Mvua imenyesha siku nne mfululizo na jana maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Humo ndimo zilimokuwa santuri, zile sahani kubwa nyeusi za muziki ambazo kituo cha redio kiliipa maktaba kilipoanza kutumia kompyuta. Ziko mia tatu na kumi na mbili, zote za okestra, na sasa zimerundikwa juu ya meza za chumba cha magazeti. Huku juu kuna kabati moja tu la kuzihifadhi.

"Santuri moja kwa kila simfonia," alisema mkutubi. "Zitakazobaki atazichukua mwenye kiwanda cha plastiki tarehe thelathini na moja Mei, akaziyeyushe. Na sitaki machozi."

Wanafunzi tunamwita mkutubi Bi Kimya, kwa sababu hilo ndilo neno analolitumia kuliko yote. Sijawahi kumwona akicheka.

Wa kuchagua ni Mjomba, kaka yake Mama. Alikuwa fundi wa sauti redioni miaka thelathini na moja, na santuri hizi alizishika kabla mimi sijazaliwa. Mimi nitakuwa mwandishi wake, Jumanne na Jumamosi mchana. Bi Kimya ndiye aliyenitaja. Alimwambia, "Mlete yule mpwa wako, ana mwandiko unaosomeka." Kichwa kimenivimba kidogo. Naomba kipungue.

Jumanne, 5 Machi

Kazi imeanza. Simfonia moja, huo utungo mrefu wa okestra, inaweza kuwa imerekodiwa na okestra tano, sita, saba, na kila moja ikatoka na tabia yake, kama madada waliovaa sare moja. Tunachagua kipande kilekile cha dakika tatu na kukisikiliza kwenye kila santuri. Mimi naficha majalada na kuzipa santuri nambari, ili Mjomba asivutwe na picha. Nafuta vumbi kwa kitambaa laini, nasafisha sindano kwa kibrashi, naishusha polepole. Yeye anakaa hatua tatu kutoka kwenye spika, amefumba macho, mikono magotini.

"Kuna alama mbili, mama," ameniambia. "Ya kwanza ni Sauti: waliorekodi walifanya kazi gani? Fidla inalia kama fidla au kama mbu? Ya pili ni Uchezaji: wanaopiga wanajua wanakokwenda, au wanasubiri saa ya kula? Santuri inaweza kuwa na moja ikakosa nyingine. Usizichanganye."

"Na anayepata kumi?"

"Kumi hatoi mtu. Kumi ni kwa waliokuwa ndani ya ukumbi."

Vidole vyangu vinanuka karatasi ya zamani. Sijavinawa makusudi.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Simfonia tatu. Mjomba amenifundisha kuusikia ukubwa wa ukumbi. Sikuelewa, sikuelewa, halafu ghafla nikaelewa.

Jumanne, 12 Machi

Leo tumefikia simfonia ambayo Mjomba huiita Ile Ndefu. Tunazo saba. Kipimo chetu ni sehemu ya tatu, pale fidla zinapopanda polepole, na zikifika juu kabisa kinagongwa kipande cha chuma chenye umbo la pembetatu, kidogo kuliko hanga ya nguo. Kinalia mara kumi na mbili. Mjomba anasema huo ndio mtihani: fundi mvivu huimeza pembetatu, fundi mzuri huiacha ielee.

Nambari nne ni ya okestra ya mji mdogo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Jalada lake limetafunwa na panya pembeni. Fidla zilipoanza nilisahau kuandika. Zilikuwa mle chumbani, kila moja na kiti chake. Kabla filimbi haijaingia, mpigaji anavuta pumzi na unaisikia. Kisha pembetatu, mbali, juu ya wote, kama tone la maji kwenye glasi.

Mjomba alifumbua macho. "Sauti, tatu."

Kalamu yangu ikasimama. "Tatu, Mjomba?"

"Hawa wameifunika okestra blanketi. Na pembetatu wameimeza nzima nzima."

Nikaandika tatu.

Nambari sita ilinikereza meno. Fidla zake ni kisu kwenye sahani, na pembetatu yake ni mtu anayekugonga paji la uso kwa kijiko. Mjomba akainua kidole, kama anavyofanya akiridhika. "Hii ina mwanga! Andika tisa."

Nimerudi nyumbani nikijilaumu. Yeye ana miaka thelathini na moja ya kazi, mimi nina siku tatu. Bila shaka masikio yangu hayajakomaa.

Jumamosi, 16 Machi

Maktaba ilifungwa kwa sababu ya mafuriko. Nimefua soksi.

Jumanne, 19 Machi

Jambo dogo. Mjomba ana saa ya mkononi ya tarakimu, ya plastiki nyeusi, inayolia ti-ti-ti kila ifikapo saa kumi. Tangu nikiwa mdogo, ikilia tu anasimama, hata katikati ya sentensi, na kusema, "Chai hiyo!" Leo ililia nikiwa nafuta santuri. Mjomba alikuwa akitazama dirishani. Hakusimama. Nadhani alikuwa na mawazo.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua kubwa. Mjomba anasema mvua ndiyo inayofunika sauti za juu. Tumesogeza meza mbali na dirisha. Amesema sasa afadhali. Mimi sikuona tofauti.

Jumanne, 26 Machi

Saa ililia tena. Hakusimama tena.

Jumamosi, 30 Machi

Baada ya maktaba Mjomba alikuja nyumbani. Alikaa jikoni na gazeti, karibu kabisa na jiko, na birika letu lile la filimbi lilikuwa motoni. Likaanza kulia. Likalia mpaka kifuniko kikatetemeka. Mimi nilikuwa mlangoni na vikombe, na sikujua kwa nini nilisimama kumwangalia badala ya kwenda kuzima.

Mama alipaza sauti kutoka uani. "Kaka! Hulisikii hilo birika, au linakuburudisha?"

Mjomba akainua kichwa. "Birika gani?"

"Televisheni yako tunaisikia mtaa wa pili, birika la puani kwako hulisikii!"

"Nilikuwa nasoma, dada. Wengine tunasoma magazeti, hatufungii vitumbua." Hapo wote wakacheka, Mama kuliko wote, kwa kuwa ni kweli. Mimi nilicheka pia. Kisha chai yangu ikanishinda.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nitaandika kwa urefu.

Nilifika mapema, kabla ya Mjomba, nikafungua daftari la alama na kulisoma kutoka mwanzo. Nilihesabu neno "blanketi". Limo mara arobaini na mbili. Okestra arobaini na mbili, kutoka nchi mbalimbali, miaka mbalimbali, zote zimefunikwa blanketi? Nikachukua tatu kati ya hizo kutoka kwenye maboksi ya kiwandani, nikazipiga kwa sauti ndogo. Hazikuwa na blanketi. Zilikuwa nzuri, na moja nilitaka kuirudia. Halafu nikapiga mbili ambazo Mjomba amezipa tisa. Kisu. Kisu na kijiko.

Blanketi haliko kwenye santuri.

Nilibaki nimekaa na kitambaa mkononi. Nilitamani kuwa nimekosea, kwa hiyo nilipiga nambari nne tena na kuihesabu pembetatu kwa vidole. Kumi na mbili.

Mjomba aliingia akipangusa maji ya mvua mabegani, mchangamfu kabisa, na kabla hatujaanza akaniambia, bila mimi kuuliza chochote, "Unajua, mama, goti limechoka, mgongo umechoka, macho ndiyo haya ya miwani. Lakini hili," akagusa sikio, "hili ndilo lililonilisha. Hili halijanisaliti."

Sikuweza kumwambia. Nilikaza uso, nikashusha sindano.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimefanya jambo. Kwenye mstari wa nambari nne wa Ile Ndefu palikuwa na tatu. Nimeifuta na kuandika tisa. Nambari sita nimeipa nne. Kisha nambari nne nikaihamishia kabatini na sita nikaitia boksini. Mjomba atasikia anavyosikia, na kabati litapata kinachostahili, na hakuna atakayeumia.

Mwandiko umetoka unaosomeka kama kawaida. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 16 Aprili

Nimebadilisha nne zaidi.

Jumamosi, 20 Aprili

Saba. Jana mwalimu wa lugha aliuliza kama shajara zinaendelea. Nilijibu ndiyo, nikakumbuka lile jambo lake la pili.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua ilikuwa ikipiga bati la kibanda cha mlinzi kwa nguvu, na Mjomba akasema, "Leo hali mbaya. Hebu tujipe raha. Nipigie Ile Ndefu, ile tuliyoichagua."

Nilijidai natafuta. Akaenda mwenyewe kabatini, akaivuta, akaliona jalada lililotafunwa na panya. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeyaficha majalada, hakulijua. Lakini ubavuni kuna karatasi yenye nambari, kwa mwandiko wangu unaosomeka.

"Nne? Tulichagua sita."

Akalichukua daftari la alama. Miwani yake ilikuwa na ukungu, akaifuta kwa shati, akasoma. Pale nilipofuta karatasi imechakaa, mtu yeyote angeona.

"Nani kaandika tisa hapa?"

"Mimi, Mjomba."

"Mimi nilisema ngapi?"

"Tatu."

"Sasa?"

Nilitaka kusema nimekosea, nilichanganya mistari. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikasema, "Pembetatu ipo, Mjomba. Kwenye nambari nne ipo. Inalia mara kumi na mbili, nimehesabu."

"Haipo! Nimekaa hatua tatu kutoka kwenye spika. Unanifundisha kusikiliza, wewe?"

"Na saa yako inalia."

"Saa gani tena?"

"Hiyo uliyoivaa. Saa kumi. Inalia kila mara, na wewe husimami."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Ukutani, saa ya maktaba ilikuwa imebakiza dakika mbili. Sikuipanga hiyo, naapa. Alivua saa yake, akaiweka mezani kati yetu, nasi tukakaa kuitazama, mvua ikipiga. Kisha ikaanza: ti-ti-ti, ti-ti-ti. Pembeni mwa tarakimu kuna alama ndogo ya kengele, nayo ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika.

Mjomba aliiona kengele. Aliinama. Akaiinua saa, akaiweka sikioni, akaihamishia sikio la pili. Ikanyamaza.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mimi nimeona tangu Machi."

"Na ukanyamaza. Ukawa unaniandikia."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alivaa koti, akaondoka, na mwavuli wake ukabaki mlangoni. Nilimwona kupitia dirishani akivuka barabara kwenye mvua, hakimbii, kama mtu ambaye mvua haimhusu.

Jumamosi, 4 Mei

Hakuja. Nimefuta santuri ambazo hakuna wa kuzisikiliza.

Jumanne, 7 Mei

Hakuja. Hapokei simu ya Mama. Nimemweleza Mama kila kitu. Alinigombeza kwanza: "Ungeniambia mimi!" Halafu akakaa kwenye kiti cha jikoni. "Na mimi niliyemfanyia mzaha wa birika. Kaka yangu mwenyewe." Tukamenya viazi.

Jumamosi, 11 Mei

Nilikwenda kwa Bi Kimya kumwambia atafute mtu mwingine, kwamba nimeharibu kazi na nimemharibia Mjomba. Nilitarajia aniambie nipunguze sauti. Aliniambia nikae, akafunga mlango.

"Januari nilimwita kutoka nyuma mara tatu, hapo ngazini," alisema. "Mara tatu. Sauti yangu nyembamba, kama unavyojua. Hakugeuka. Unadhani nilikutaka wewe kwa sababu ya mwandiko?"

Akaketi upande wa pili wa meza.

"Nilitaka masikio mawili ya ziada mle chumbani. Nilidhani mtasaidiana. Nilipaswa kukwambia, na sikukwambia, kwa sababu na mimi sikujua pa kuanzia. Kwa hiyo tumenyamaza wawili." Akasukuma boksi la karatasi laini upande wangu. "Chukua. Nilisema sitaki machozi ya santuri. Hayo mengine sikuyataja."

Miezi yote hii nilimdhania jiwe.

Jumanne, 14 Mei

Mvua imepungua. Hakuja. Mama amempelekea mwavuli. Amesema hakumkuta.

Jumamosi, 18 Mei

Amekuja!

Nilikuwa nimempa mlango mgongo. Nikasikia, "Shikamoo huniamkii?"

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Sogeza hivyo vikombe."

Akatandaza karatasi mezani. Alikuwa ametoka hospitali. Ni mchoro wa masikio yake: mstari unaoanza vizuri upande wa kushoto, halafu unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Huku kushoto ni sauti za chini. Ngoma, besi, mama yako akigomba. Hizo ninazo zote. Huku kulia ni fidla zikipanda juu, pembetatu, saa yangu. Hizo zimeondoka, hazikuaga." Alijaribu kucheka. "Watanipa kifaa cha sikioni mwezi wa saba. Daktari anasema kitasaidia mazungumzo. Pembetatu hakuniahidi."

"Nisamehe, Mjomba."

"Kusikia si kosa. Kosa lako ni kuandika nambari yako kwa jina langu. Hilo usirudie, kwangu wala kwa mtu mwingine."

"Sitarudia."

"Na kosa langu ni kukufundisha kusikiliza, halafu nisikuulize umesikia nini." Akavuta kiti chake, hatua zilezile tatu. "Piga mstari katikati ya ukurasa. Sauti, wewe. Uchezaji, mimi. Kila mtu aweke sahihi yake. Tuna siku kumi na tatu. Futa sindano hiyo, imejaa vumbi."

Jumapili, 19 Mei

Bi Kimya ametukabidhi ufunguo wa maktaba, tufanye kazi hata siku ikifungwa.

Jumanne, 21 Mei

Tumerudia santuri kumi na nane. Saa yake ililia. "Saa kumi, Mjomba." Akasimama. "Chai hiyo!"

Jumamosi, 25 Mei

Santuri ile niliyotaka kuirudia siku nilipohesabu mablanketi niliipa tisa. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akaipa Uchezaji nne. "Sauti tamu, lakini hawa wanasubiri saa ya kula." Nilibisha. Akanirudisha mahali patatu na kunionyesha selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, zinavyojikokota. Ni kweli. Nilikuwa nimependa ngozi tu. Imerudi boksini, kwa sahihi zetu wote wawili.

Jumanne, 28 Mei

Ile Ndefu, nambari nne. Niliandika Sauti tisa, nikaweka sahihi, nikashusha sindano.

"Pembetatu ikilia, inua kidole," Mjomba alisema. Safari hii hakufumba macho. Fidla zikapanda. Nikainua kidole: moja. Mbili. Alikuwa akikitazama kidole changu jinsi mtu anavyotazama mlango unaogongwa. Ilipofika ya saba akafumba macho, na kuanzia hapo kichwa chake kilikuwa kikiinama kidogo sekunde ileile, kabla mimi sijainua. Alikuwa akiikumbuka.

"Selo wanawasubiri fidla," alisema wimbo ulipoisha. "Hakuna anayewaonyesha. Wanasikilizana tu. Machi sikuwasikiliza, nilikuwa nagombana na blanketi." Akachukua kalamu mwenyewe. Uchezaji, tisa.

Ijumaa, 31 Mei

Jua. Mwenye kiwanda alikuja na gari. Nilimtazamia mtu katili, kumbe alipangusa viatu mlangoni na kubeba maboksi kwa mikono miwili kama mayai. Zile arobaini na mbili tumezirudia zote. Ishirini na tisa zimeingia kabatini. Bi Kimya alisimama ngazini akipenga kamasi. "Vumbi," alisema, kwa sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo.

Boksi la mwisho lilipokuwa likipita, Mjomba alilisimamisha, akachakura, akatoa moja.

"Hii naiomba mimi."

Ilikuwa nambari sita.

"Mjomba, hiyo ni kisu!"

"Kwa maktaba ni kisu. Kabati lina masikio ya watu wengi, lazima lipate nambari nne. Mimi nachagua kwa haya niliyobaki nayo."

Jumamosi, 1 Juni

Mwalimu alisema msimu ukiisha tufunge daftari. Mvua imekatika kabisa. Mtaani matope yamekauka na kuacha nyayo za watu.

Mchana nilikwenda nyumbani kwa Mjomba. Kinanda chake cha santuri kiko juu ya sanduku la zana, kando ya dirisha. Alinikalisha karibu naye, akanikataza kufuta vumbi, akashusha sindano mwenyewe kwenye sehemu ya tatu ya nambari sita. Fidla zikaanza kupanda, kali, nyembamba, meno yakanisisimka. Nilitaka kuziba masikio. Nikaikalia mikono yangu.

Mjomba alifumba macho. Zikafika juu kabisa, na kile kijiko kikanigonga kwenye paji la uso. Sikumwonyesha ishara yoyote, wala hakuwa akinitazama.

Akainua kidole.

Kikashuka, kikainuka tena. Nilihesabu. Kumi na mbili.